Kutoka Jumapili hadi Alhamisi

Nasema sasa, kabla halijawa jambo la kuzikana.

Ibada zetu zimejaa. Viti vya plastiki vinapangwa hadi nje, kwaya ziko nne, na mkesha wa Ijumaa watu wanakesha kweli. Lakini toka nje ya geti la kanisa. Nenda shambani, nenda sokoni, ingia jikoni mwa Mkristo, uangalie kama utaona dalili yoyote kwamba watu hawa walikuwa mbele za Mungu juzi. Pana ufa kati ya Jumapili na siku nyingine. Ufa unapanuka, nasi tunaufunika kwa nyimbo.

Ufa huo ni hatari.

Wengine huuita aibu, wengine udhaifu wa kibinadamu. Mimi nauita hatari, kama vile nyufa za mlimani baada ya mvua za wiki tatu zilivyo hatari kwa nyumba iliyo bondeni.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Uporoto, mkoani Mbeya. Huu ni mwaka wa kumi na moja nashika daftari la matoleo. Najua nani ameahidi mabati mangapi na nani amemaliza ahadi yake. Ninayoyasema nimeyaona nikiwa ndani.

Jumapili moja ya mavuno, mama mjane wa jumuiya yetu alileta ndoo moja ya viazi mviringo. Alivichagua kimoja kimoja, akaviosha, vyote saizi moja. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada, kama kawaida. Mnunuzi mmoja wa mazao, mwenzetu, mwimba besi wa kwaya kuu, akapandisha bei ya ndoo ile mpaka shilingi elfu hamsini. Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akamwekea mkono begani. Nami nikaandika daftarini: viazi, ndoo moja, 50,000.

Alhamisi yake nilikuwa natoka shambani. Ukungu ulikuwa haujainuka. Fuso lilikuwa limesimama kando ya barabara ya Tukuyu, na yule mwenzetu alikuwa anapakia viazi vya yule yule mama. Gunia lilikuwa limeshajaa hadi mdomoni. Vijana wakaliongezea kipande cha gunia jingine juu, wakakishona kwa kamba ya manila, wakajaza tena, kisha kijana mmoja akapanda akashindilia kwa magoti. Huku kwetu hata mtoto wa chekechea anajua jina lake. Lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Niliomba lipelekwe kwenye mizani ya ghala la jirani. Hawakupenda, lakini walinistahi wakalipeleka.

Kilo 148.

Mama alilipwa gunia moja. Shilingi elfu hamsini na tano.

Ndoo moja mbele ya usharika, elfu hamsini. Viazi vya ndoo nane ndani ya ukungu, elfu hamsini na tano.

Baadaye nilimuuliza mama kwa nini hakukataa. Alikuwa anakung'uta udongo kwenye khanga yake, hakuinua macho. "Nimkatae vipi, mama? Ni mtu wa kanisani. Nikimkatalia jumuiya itasema nina moyo mgumu. Na kule mnadani aliniheshimisha."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Angekuja dalali mgeni kutoka mjini, mama yule angebishana. Namjua, ana mdomo. Angesimamisha gunia lake, angeita majirani, angesema bei yake. Kwa kuwa aliyekuja ni mwimbaji wa kwaya, alinyamaza. Ibada haikumzuia ndugu yetu kumpunja mjane. Ilimrahisishia.

Hapo ndipo ninapopiga kelele. Tulidhani ibada isiyofika kwenye mizani inakosa faida tu, na basi, hakuna aliyeumia. Sivyo. Inageuka kifuniko. Mtu anaibiwa, na kifuniko kinamzuia kulia.

Na si ndugu yetu yule peke yake.

Mwaka juzi niliahidi mabati ishirini kwa ajili ya paa la kanisa. Niliitwa mbele, nikatajwa jina, nikapigiwa makofi. Nililipa kwa wakati. Siku hizo hizo dada wa kazi nyumbani kwangu, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa ananidai mishahara ya miezi mitatu. Kila Jumapili aliamka kabla yetu, akatuamkia "shikamoo mama, shikamoo baba," akaninyooshea nguo ya ibada kwa pasi ya mkaa, akatufungulia geti, akabaki kupika. Sikuwahi kumwambia simlipi. Nilimwambia, "Mwisho wa mwezi, mwanangu." Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha. Siku aliyopata habari kwamba bibi yake amefariki, ndipo nilipojua hana hata nauli ya kufika kwao. Mume wangu alikwenda kukopa kwa jirani usiku ule, tukamlipa. Aliondoka alfajiri. Hakurudi, wala simlaumu. Nilimtafuta kwa simu kumwomba radhi, alinisikiliza, akasema, "Haya, mama." Basi.

Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unaeleza kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inafika kwa Bwana. Miezi miwili kabla ya siku ile nilikuwa nimeufundisha waraka huo kwenye kipindi cha kina mama. Nilikuwa nimeufundisha vizuri, watu walilia.

Tunalia. Tunainua mikono. Halafu tunarudi nyumbani tulivyo.

Amosi alikuwa mchunga mifugo wa Tekoa, na mtunza mikuyu. Hakuwa mtoto wa nabii, hakuwa na cheo. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo alipanda hadi Betheli, palipokuwa na madhabahu ya mfalme, wakati nchi ina fedha, sadaka ni nyingi na nyimbo hazikatiki. Aliyoyakuta yamo katika sura ya nane ya kitabu chake, na ukiyasoma utadhani alisimama pale Fuso liliposimama. Wafanyabiashara wamekaa kwenye sabato kwa mwili tu. Moyoni wanahesabu saa zipite, wafungue maghala, wapunguze kipimo, wapindishe mizani, wamnunue maskini kwa bei ya viatu. Watu hao hawakuwa wapagani. Walikuwa wahudhuriaji wazuri. Kuhani wa Betheli hakusema kwamba Amosi anasema uongo. Alimshtaki kwa mfalme, kisha akamwambia arudi kwao. Haikupita hata miaka hamsini. Mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria ikaangukia mikononi mwa Waashuri.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Basi tusogee karibu. Karibu sana.

Mwaka 1994 Pasaka iliangukia Jumapili ya tarehe 3 Aprili. Nchini Rwanda makanisa yalijaa. Kwa sensa ya 1991, karibu watu tisa katika kila kumi nchini humo walikuwa Wakristo. Siku ile waliimba ufufuko. Mhutu na Mtutsi walisimama mstari mmoja kwenda mezani pa Bwana, wakatoka nje wakatakiana Pasaka njema.

Jumatano usiku, tarehe 6, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali. Alhamisi mauaji yalikuwa yameanza.

Kutoka Jumapili hadi Alhamisi. Siku nne.

Watu walikimbilia makanisani kwa sababu walidhani huko hawataguswa. Ntarama. Nyamata. Nyarubuye. Waliuawa humo humo, kwa maelfu, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa kwenye makanisa kama hayo. Nyange, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga likaangukia zaidi ya watu elfu moja waliokuwa ndani. Padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa mwaka 2008. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wa Waadventista, alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2003. Mahakama ilikuwa Arusha. Hapa kwetu. Tulisikia habari zake redioni, kisha tukaendelea na mazoezi ya kwaya.

Sifananishi gunia la viazi na panga. Aliyepoteza watu wake Nyamata asinielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba mkono ulioinuka Alhamisi ile haukufundishwa Alhamisi ile. Kwa miaka mingi kabila liliandikwa kwenye kitambulisho, na makanisa yakanyamaza. Watoto walichujwa shuleni kwa kabila, zikiwamo shule za makanisa. Askofu mkuu wa Kigali aliketi miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala. Padre alisoma misa, mchungaji alihubiri, waumini waliitikia amina, na jirani aliyedhulumiwa wiki nzima alikaa benchi moja na aliyemdhulumu, hakuna aliyeuliza kitu. Watu walizoea kuimba na mtu bila kuguswa na habari zake. Mazoea hayo yalichukua miongo kadhaa kujengeka. Yalipohitajika, yalikuwa tayari.

Mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa dhambi za kanisa na za wana wake katika mauaji yale. Ilikuwa imepita miaka 23.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Uamsho mkubwa wa Afrika Mashariki, ule ambao bibi zetu waliuita wokovu, ulipata moto wake Gahini. Gahini iko Rwanda. Katika miaka ya 1930 watu wa pale, wauguzi, walimu na wamisionari, walianza kuungama dhambi mbele ya wenzao, na kuungama kwao kulikuwa na miguu. Aliyeiba alirudisha. Aliyekuwa na deni alilipa. Mume alikwenda kwa mkewe akasema. Mzungu alikiri mbele ya Mwafrika kwamba alikuwa amemdharau. Waliyaita hayo kutembea nuruni. Moto ule ulivuka ukaingia Uganda, ukashuka Kagera, ukafika Kenya. Wakati wa vita vya Mau Mau, katika miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao Kenya walikataa kula kiapo, na bunduki za serikali pia walizikataa. Baadhi yao waliuawa kwa hilo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa watu hao. Aliwahi kutembea siku nzima kurudisha jembe ambalo hakuna aliyekumbuka kwamba alilichukua.

Sasa hesabu. Kutoka Gahini ya miaka ya 1930 hadi Alhamisi ile ni miaka sitini. Wapo Wanyarwanda waliosimama mwaka 1994, wakawaficha jirani zao darini na wakafa nao. Majina yao Mungu anayo. Lakini nchi ilikoanzia uamsho haikuokolewa na kumbukumbu ya uamsho. Nyimbo zilibaki. Kurudisha jembe kukapotea.

Sisi hapa tumebaki na nini? Tunazijua nyimbo zote. Mara ya mwisho kumwona mtu anarudisha kitu ni lini?

Ufa ukishapanuka, watu hutafuta cha kuuziba kwa haraka. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Watu walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Siwaiti wajinga, na anayewaita hivyo ajiangalie. Walikuwa na kiu. Wakaambiwa Mungu anapatikana kwa kukanyaga, kwa kununua, kwa kufa njaa. Na sisi wenye makanisa ya matofali hatukuwa na nyumba hata moja ya kuwaonyesha ambamo Mungu anapatikana Jumanne jioni, wakati wa kugawa ugali na kulipana haki.

Nitaje pia mahali ambapo ufa haukuwapo, kwa sababu mtu akisikia hatari tupu hukata tamaa.

Buta, Bururi, Burundi. Seminari ndogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza mwaka 1993, nchi imegawanyika Hutu na Tutsi, shule nyingi zimegawanyika hivyo hivyo. Pale Buta, mkuu wa seminari, Padre Zacharie Bukuru, na walezi wenzake waliwakalisha vijana hawa pamoja. Walizungumza yale yaliyokuwa yakiwatisha. Walikula pamoja, walicheza pamoja, walisali pamoja, siku baada ya siku, miaka mitatu na zaidi. Mambo madogo. Hakuna gazeti lingeyaandika.

Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia bwenini wakaamuru Wahutu wakae huku, Watutsi kule.

Vijana walikataa kujitenga.

Waliuawa 40.

Hawakupata nafasi ya kufanya kikao. Hawakupata nafasi hata ya kuvaa. Walichokuwa nacho alfajiri ile ni kile walichokizoea Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mezani na uwanjani. Nikiwafikiria wale vijana nawafikiria pia vijana wetu wa kipaimara, ambao wanajua katekisimu kwa moyo, na ambao wamewaona baba zao wakishona lumbesa tangu wakiwa mgongoni. Siku yao itakapofika, watatoa walichokizoea.

Kwa hiyo tufanye nini? Machache tu. Lakini yafanyike wiki hii.

Anayedaiwa alipe. Dada wa kazi, kibarua wa palizi, fundi aliyejenga choo, mlinzi. Alipe kabla ya Jumapili. Kama hana, asijifiche. Aende kwa anayemdai, akae chini, aseme ni lini, na aseme samahani. Katika sura ya tano ya Mathayo, Bwana anamwambia mtoaji aliyekwisha kufika madhabahuni aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Tazama alivyopanga. Kwanza ndugu. Sisi tumepindua: tunatoa kwanza, ndugu atajua mwenyewe. Mimi nashika daftari, na kuanzia sasa, mtu nikijua ana mshahara wa mtu mfukoni, bahasha yake nitamrudishia kwa heshima, mkononi, pembeni, bila kumtangaza. Yangu nimeshajirudishia.

Pili, mizani. Nimeliomba baraza la wazee tununue mizani ya jukwaa, ikae uwanjani kwa kanisa siku za kupakia. Apime yeyote: Mkristo, Mwislamu, asiyeshika dini. Tusidai chochote. Na muumini anayenunua lumbesa asiitwe mbele kwenye mnada, asisomwe jina, fedha yake isiingie kwenye paa mpaka ametengeneza na aliyempunja. Msiniambie haiwezekani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais wa Kenya alizitoa kwenye kanisa moja la Kayole, shilingi milioni 2.6 za Kenya, za kwaya na za nyumba ya mapadre.  

Na jumuiya zetu. Tunakutana kila wiki nyumba kwa nyumba, tunasoma neno, tunakunywa chai, tunachangia msiba. Liongezwe swali moja kabla ya sala ya mwisho: nani ananidai? Kila mtu ajibu habari zake mwenyewe, si za jirani. Sitaki tugeuke askari wa kuchunguzana. Nimewahi kuona jumuiya ikifa kwa umbea, nayo ni dhambi nyingine. Mtu aseme yake. Asiye tayari anyamaze, wiki ijayo swali litakuwapo tena.

Haya yote hayahitaji mkutano mkuu, wala kibali cha askofu, wala mhubiri kutoka nje.

Nilipoyasema barazani, mjumbe mmoja ninayemheshimu, mzee kuliko mimi, aliniuliza kwa upole, "Mama, na matoleo je? Hawa ndio wenye nacho. Wakihamia kanisa la pili, paa utaliezeka kwa maneno?" Ni swali la haki, nami simdharau aliyeliuliza. Amebeba usharika huu miaka thelathini.

Nilimjibu kwamba matoleo yatashuka. Nina daftari, nimeshapiga hesabu. Wengine watahama. Paa halitaisha mwaka huu na pengine hata mwakani, na masika tutasogeza mabenchi upande usiovuja kama tunavyofanya sasa. Hiyo ndiyo gharama, na ni ndogo. Tukiikwepa tutapata paa zuri. Chini yake atakaa mjane aliyefundishwa kunyamaza, na pembeni yake mtu aliyefundishwa kwamba Mungu haulizi, na nyuma yao watoto wanaotazama. Watu wa namna hiyo wanaweza kuongozwa popote. Akija mwanasiasa mwenye maneno ya ukabila wakati wa uchaguzi, watamfuata wakitoka ibadani. Akija nabii wa kuwapeleka msituni, watakwenda wakiimba. Kenya waliona hata bila nabii. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto likiwa na kina mama na watoto ndani, baada ya uchaguzi. Mapema mwaka huo huo Baraza la Makanisa la nchi hiyo lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walishindwa kusimama kwa kuwa nao walikuwa wameegemea pande.

Waliegemea kabla ya moto. Ndiyo maana nasema sasa.

Baraza halijaamua. Limesema litajadili tena mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi. Maneno yale yale niliyokuwa nikimwambia yule binti.

Sikusubiri. Jana jioni nilikwenda nyumbani kwa mwimbaji wetu wa besi. Sikwenda na mtu. Nilimkuta anajiandaa kutoka, funguo za Fuso mkononi, hakuniambia niketi. Nilianza na ya kwangu, ya dada wa kazi na miezi mitatu, kwa sababu nisingekuwa na uso wa kuanza na ya kwake. Kisha nikamtajia kilo 148. Akasema kila mtu anafanya hivyo. Nikasema najua. Akasema asipopakia yeye atapakia mwingine. Nikasema hilo pia najua. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakujua ampe nani.

Tulikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza, zile kilo 48 zilizozidi ni shilingi ngapi kwa bei ile ile.

Nilichana karatasi kwenye daftari nikamwandikia: 26,400.

Aliikunja akaitia mfuko wa shati. Hakusema atafanya nini nayo. Leo ni Jumatatu. Fuso linapanda Alhamisi.